Zilizotoka Nyamani

Umekuja na gazeti la picha, Elinami,
umelikunja katikati kama anayeficha barua,
unataka nikuambie risasi ipi inafaa kwa swala.
Kamuulize muuza duka kule Arusha.
Mimi sikuwahi kufyatua hata moja.
Miaka ishirini na sita nilikuwa mchunaji;
kazi yangu ilianza pale bunduki ilipomaliza.

Lakini kaa.
Mama Ndeshi, nipe lile kopo la kahawa.
Si hilo. Lililopinda mdomo.

Sikia zinavyolia, kama mahindi makavu.
Zote nilizichokonoa kwa kidole na ncha ya kisu,
mapajani, mbavuni, moja ndani ya moyo wenyewe,
nikazitia mfukoni
hadi huyu mama akachoka kushona mifuko.

Hii imechanua kama uyoga wa masika.
Ncha laini, koti la shaba limekunjuka likarudi nyuma,
imepita ubavu, imefika ilikotumwa, ikakaa.
Swala granti, dume. Hakumaliza hatua arobaini.
Tulikula hadi shingo.

Hii je? Nzima, kama ilivyotoka kiwandani.
Koti gumu, la kivita.
Iliingia bila hodi ikatoka bila kwaheri,
nikaichimbua kwenye kichuguu kilichokuwa nyuma.
Yule swala sijui alikufa wapi.
Fisi wanajua.

Na haya makombo kwenye kitambaa,
vipande kumi na viwili, usivimwage,
ni risasi moja.
Nyepesi, gramu tatu na ushee, imeundwa kwa vinyama vya mashimoni.
Mgeni wetu aliisifu mbio zake usiku kucha.
Iligonga bega la swala jike
ikapasukia juu juu, kama yai kwenye ukingo wa bakuli.
Lomnyak alifuata damu nyika ya Simanjiro
tangu saa tatu asubuhi mpaka vivuli vyetu vikarefuka,
tone hapa, tone kule,
kama mtu anayehesabu pesa asizotaka kulipa.
Tulipomkuta alikuwa amesimama.
Amesimama, Elinami.
Bega lote uji, na ananitazama mimi
niliyekuwa na kisu tu.

Mama Ndeshi, hilo sikukwambia.

Sasa hiyo bunduki yako ya pichani,
nyeusi, inayojikoki yenyewe:
Bwana Nyamapori hatakupa kibali nayo,
na hata angekupa mimi ningekunyima.
Risasi ya pili ikijipanga yenyewe
ya kwanza inakuwa mzembe.
Tafuta ya kuvuta komeo kwa mkono.
Ule muda wa kuvuta komeo
ndio muda wa kuona aibu.

Tundu dogo si kosa. Usimsikilize anayecheka.
Swala ni kilo hamsini, si nyati.
Lakini chukua iliyo nzito kuliko zote ambazo mtutu wako utakubali.
Lete ile mizani ya iliki, ya kibanda cha Mbuyuni.
Weka hii. Gramu tano kasorobo.
Imepigwa, imekunjika, haijapoteza kitu.
Risasi ni madini kwanza, unaweza kuyakwaruza kwa ukucha;
ulaini ndio kazi yake,
ila ulaini unaojua kujishika.

Umeuliza: nikikosa kabisa?
Ukikosa kabisa swala atalala na majani tumboni
nawe utalala na njaa. Hakuna deni hapo.
Ukipata nusu...

Mvua imeanza juu ya bati, tusisikilizane.
Umeondoka ukikimbia kuelekea njia ya Rau,
gazeti umelisahau mezani, limelowa chai.

Nimezirudisha koponi moja moja.
Uyoga upo. Ya kichuguu ipo.
Kitambaa hakipo.

Sitakudai.